Kabla Ununue Koilova, Angalia Bushi

Wacha niseme kitu kitakachowaudhi mafundi wa TikTok: gari nyingi hapa Kenya hazihitaji koilova. Zinahitaji bushi mpya, shoki mpya na tairi ambazo hazijazeeka.

Fikiria vile hizi gari hutufikia. Sheria yetu inakubali mtumba usiozidi miaka 8. Kwa hivyo ile Fielder au Demio unayoiita mpya ishazeekea Japani, halafu unaiingiza kwa matuta na mashimo ya mtaa. Mpira wa bushi umekauka na kupasuka. Ukikata kona, gurudumu linacheza lenyewe. Sasa ukiweka springi ngumu juu ya bushi zilizokufa, umejenga ghorofa juu ya mchanga.

Mpangilio wangu ni huu. Kwanza tairi, kwa sababu kila moja inagusa lami kwa eneo kama la kiganja chako tu. Soma zile nambari nne za tarehe pembeni: 2319 ni wiki ya 23, mwaka wa 2019. Upepo ufuate stika iliyo kwa mlango wa dereva, si vile mtu wa petroli ameamua. Pili, bushi, boli jointi na stabilaiza linki. Tatu shoki, na ubadilishe kushoto na kulia pamoja. Mwisho alainimenti. Hapo ndio utajua gari yako ilitengenezwa ikae vipi barabarani. Wengi hawajawahi kujua.

Bado unataka zaidi? Anza na stabilaiza baa nene kidogo kabla ya kushusha gari. Inapunguza kulala kwa kona na haigusi urefu, kwa hivyo matuta bado utavuka.

Kuna mambo mawili napinga. La kwanza ni kukata springi na grainda. Springi fupi inakuwa ngumu kuliko ile shoki ilipangiwa, na gari ikiruka inaweza kuchomoka mahali pake. La pili ni spesa. Sikudharau, barabara zetu tunazijua na hakuna anayependa tumbo la gari ligongwe. Lakini jua unacholipa: uzito umepanda juu, gari inalala zaidi kwa kona, na shafti zinazozungusha magurudumu zinafanya kazi zikiwa zimepinda. Kama ni lazima, weka ndogo, fanya alainimenti, punguza mwendo.

Kuna mtu atasema shoki mpya ni ghali, eks-Japani zinatosha. Buda, hiyo ni bahati nasibu. Imetolewa kwa gari nzee kama yako na hujui imebakisha nguvu kiasi gani. Heri ununue bushi mwezi huu, shoki mwezi ujao.

Gari ya kila siku ndio hupeleka mama hospitali na watoto shule. Ukiteremka Mai Mahiu kwa mvua na lori lisimame ghafla mbele yako, rangi ya springi haitakusaidia. Kitakachokusaidia ni magurudumu manne yaliyoshika lami.

Leo ukifika nyumbani, bonyeza kila pembe ya gari kwa nguvu kisha uachilie. Ikiendelea kudunda-dunda, ushajua pesa zako zianzie wapi.