"Nzuri sana" hainisaidii: picha zangu za ukungu wa mto Umba

Haya wasomaji, leo tuache kidogo mambo ya programu (si sana, mtaona). Nimeingiwa na ulevi mpya, kamera. Tena si harusi wala sura za watu, ni maji na ukungu. Miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, huku Lunga Lunga tunapata asubuhi za ubaridi kiasi chake, na ukishuka ukingoni mwa mto kabla jua halijatoka unaweza kukuta ukungu umelala juu ya maji. Haukai. Jua likipanda kidogo tu, umekwisha. Kwa wasioujua, mto Umba unaanzia milima ya Usambara kule Tanzania, unavuka mpaka, unaingia baharini karibu na Vanga.

Nilipiga picha kama 40, nikachagua 5, nikaanza kuwaonyesha watu. Shida ikaanzia hapo.

Kundi la kwanza ni ndugu na marafiki. "Nzuri sana!" "Kali hiyo!" Nashukuru jamani, lakini nimeandika programu muda wa kutosha kujua thamani ya maneno hayo. Nilipokuwa mgeni kazini nilipeleka msimbo wangu ukaguliwe, mkaguzi akajibu neno moja tu: "Safi." Siku ya pili mfumo ukalala. Hakuwa ameusoma. Tangu hapo sifa ya haraka hunitia wasiwasi kuliko lawama.

Kundi la pili ni wanaojua kamera. Hawa karibu wote walisema kitu kimoja: picha imepauka, ongeza kontrasti, ondoa huo ukungu. Programu nyingi za kuhariri picha siku hizi zina kitufe cha kazi hiyo, nami nikakitumia. Kweli, miti ya ng'ambo ikatokeza, majani yakakolea, na picha ikawa ya mto wowote ule saa sita mchana.

Kinachofanyika ndani yake ni kitamu, ngoja nieleze. Mwaka 1924 Mjerumani Harald Koschmieder alieleza kihesabu jinsi kitu kinavyofifia hewani: kadiri kilivyo mbali, mwanga wake hupungua na weupe wa hewa huongezeka mbele yake. Mwaka 2009 Kaiming He, Jian Sun na Xiaoou Tang wakaonyesha namna ya kuirudisha hesabu hiyo nyuma kwa kutumia picha moja tu. Waligundua kwamba katika picha za nje zisizo na ukungu, karibu kila sehemu ndogo (ukiacha mbingu) ina pikseli ambazo rangi yake moja, nyekundu, kijani au buluu, iko karibu na sifuri. Pasipokuwa na giza hilo, kilichojaza ni ukungu, unaukadiria, unautoa. Mimi kama mtu wa kompyuta nawavulia kofia. Lakini kwa programu kama hiyo ukungu ni uchafu wa kufutwa, na mimi niliamka saa kumi usiku kwa ajili ya uchafu huo huo!

Je, waliokosea ni wale waungwana? Sidhani. Nilikosea mimi. Niliwatupia picha na kuuliza "mnaonaje?" Mtu usiyemwambia ulikuwa unatafuta nini atakosoa picha iliyomo kichwani mwake. Kazini mtu akiripoti hitilafu tunamlazimisha aandike: nilitarajia hiki, nikapata hiki. Sijui kwa nini nilidhani picha zina sheria nyingine. (Tena niliwatumia kwa WhatsApp, ambayo huzibana picha. Ukungu ni mpito laini kutoka weupe hadi kijivu, na ukibanwa hivyo huweza kukatika mistari mistari. Kwa hiyo sehemu ya lawama haikuhusu hata picha niliyoipiga.)

Nikabadili namna ya kuuliza. Nilikwenda kwa fundi mmoja wa studio hapa mjini, anayeishi kwa picha za pasipoti. Nikamwambia: "Fundi, ukungu huu niliuona mweupe. Mbona humu umekuwa kijivu kama moshi wa jikoni?" Hakumaliza hata dakika mbili. Kasema kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kitu duniani kina kijivu cha wastani, ukikipa cheupe tupu kitakitia giza. Yeye anapambana na pazia jeupe kila siku. "Ongeza mwanga stopu moja, usiiamini kamera." Swali moja, jibu moja, na ni kweli kabisa.

Jibu ambalo bado linanisumbua nililipata kwa mzee mmoja mvuvi. Huyu sikumwuliza kuhusu picha. Nilimwambia tu, "Mzee, nilitaka mtu aone jinsi mto ulivyo alfajiri." Akaishika simu yangu, akaisogeza mbali na macho, akakaa kimya. Kisha: "Mwanangu, haya maji yanakwenda upande gani?"

Sikuwa na jibu. Nilizipitia zote 5, hakuna hata moja iliyoonyesha. Ungeniambia ni bwawa ningekubali. Hilo hata kontrasti ya dunia nzima isingelirekebisha, na waliosifu na waliolaumu hawakuligusa, kwa sababu si kosa la kamera. Mimi nilisimama pale nikiangalia ukungu, yeye miaka yote ameangalia maji.

Nikarudi asubuhi tatu. Mbili hakukuwa na ukungu kabisa. Ya tatu nilisogea chini hadi penye kijiti kilichochomoza majini, maji yanapasuka juu yake na kuacha mkia mrefu upande wa chini. Nikaongeza stopu moja kama nilivyofundishwa. Nyuma ya kijiti hakuonekani kitu, weupe mtupu.

Safari hii nilimpelekea mzee kwanza. Akaitazama. "Hapa sawa, yanashuka Vanga." Halafu akauliza kama kamera yangu inaweza kumtolea picha ya kitambulisho, maana fundi wa studio amepandisha bei.