Zabuni za Akina Mama Zinazungumza Lugha Gani?

Ni jambo lisilopingika kuwa Serikali ya Kenya imebuni mipango si haba ya kuwainua kiuchumi watu waliobaguliwa kwa muda mrefu. Hazina ya Wanawake ilianzishwa mwaka 2007. Mwaka 2013 ikazinduliwa Hazina ya Uwezo, na mwaka uo huo ikaagizwa kuwa asilimia 30 ya zabuni za serikali zitengewe wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 ikalitia agizo hilo nguvu. Lakini je, zabuni hizo huandikwa kwa lugha gani?

Hebu tuutazame mji wa Eldoret, uliopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024. Mama auzaye managu na sukumawiki katika soko kuu hupatana bei na wateja wa makabila yote kwa Kiswahili. Mikutano ya chama chake cha kuweka akiba huendeshwa kwa Kiswahili, na kumbukumbu zake huandikwa kwa lugha iyo hiyo. Katika mji huo huo ipo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na kando yake shule za bweni na vyuo, asasi ambazo haziwezi kupitisha siku bila mboga na maziwa. Muuzaji yupo, mnunuzi yupo, na sheria imekwisha kuwaunganisha.

Isitoshe, masharti yenyewe si magumu. Kujisajili ni bure. Yatakikana asilimia 70 ya wenye biashara wawe wa kundi linalolengwa na uongozi wote uwe mikononi mwao. Hata dhamana ya benki haidaiwi, bali mwombaji hutia saini tamko tu.

Tatizo huanza mama anapoifungua hati ya zabuni. Hati ya mfano itumiwayo na idara za serikali ina kurasa kadhaa wa kadhaa, na kifungu chake kimoja huamuru kuwa zabuni na mawasiliano yote yawe kwa Kiingereza. Stakabadhi iliyo katika lugha nyingine sharti iambatanishwe na tafsiri ya Kiingereza iliyoidhinishwa. Ajabu ya Musa! Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 chakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, ilhali kumbukumbu za chama cha akina mama wa Eldoret zapokewa kama karatasi iliyotoka Ufaransa au Uchina. Hazina yenyewe iliitwa Uwezo, na vituo vya serikali vikaitwa Huduma. Kiswahili kimeachiwa kibao cha mlangoni.

Mwanya huo ndio aupitao dalali. Hujaza fomu kwa malipo, na pengine huazima jina la mama, akachukua zabuni yeye.

Wapo watakaosema kuwa kikwazo halisi ni mtaji na serikali kuchelewa kulipa. Hoja hiyo ina uzito; mchuuzi mdogo hawezi kungoja malipo kwa miezi. Tena Tanzania, ambako mikopo ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu huombwa kwa Kiswahili, vikundi hewa vilipatikana na mikopo ikasitishwa mwaka 2023 kabla ya kurejeshwa. Lugha haizuii wizi. Hata hivyo, mama asiyeweza kuusoma mkataba atajuaje siku aliyoahidiwa malipo, au mahali pa kulalamika siku hiyo ipitapo?

Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Moi ina wanafunzi wa tafsiri ambao kila muhula hutafuta matini ya kufanyia zoezi. Hati ya zabuni ni matini. Ina istilahi zinazohitaji kuamuliwa: tamko la dhamana ya zabuni, cheti cha ulipaji kodi, bei baada ya marekebisho. Kazi ya muhula mmoja yatosha kuzikusanya na kuzijaribu miongoni mwa akina mama wenyewe sokoni, kisha rasimu ipelekwe kwa mamlaka ya ununuzi Nairobi pamoja na ombi kuwa kifungu kile cha lugha kibadilishwe.