Ombi la Fedha Tuliandike Wenyewe

Vikundi vingi vya vijijini hutunza yatima, wazee na wagonjwa. Kazi hiyo inataka fedha. Ipo mifuko inayotoa misaada. Lakini mara nyingi tunamlipa mtu wa mjini atuandikie ombi. Mimi naona hilo ni kosa.

Kikundi chetu kilifanya hivyo. Mwandishi yule aliandika kwamba tunatunza yatima 200. Kumbe tulikuwa nao 37. Sisi tulitia sahihi bila kusoma. Fedha zilikuja, na mkaguzi naye akaja. Akataka kuwaona watoto 200. Tulikosa la kumjibu. Msaada ukakatwa. Wale 37 wakakosa sare na madaftari.

Ombi zuri halitaki maneno makubwa. Linajibu maswali haya: Shida yetu ni nini? Imewapata watu wangapi? Tutafanya nini? Zitahitajika shilingi ngapi? Sisi wenyewe tutachangia nini? Nani atatunza hesabu? Majibu hayo tunayo sisi, hayako mjini.

Tena, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, hapa Tanzania, inataka kila shirika litoe taarifa ya kazi zake kila mwaka. Tutatoaje taarifa ya mambo tusiyoyajua?

Ndugu zangu, sasa tunajua kusoma na kuandika. Tukae pamoja, tuhesabu, tuandike. Kisha ombi lisomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote. Ndipo tutie sahihi. Ahadi ni deni.