Antivairasi Mbili ni za Nini?

Wasee wa Kitale na Bungoma, wacheni kulaumu netiwaki kila saa. Juzi beste yangu aliomba kazi akiwa saiba, imeili ikakwama kwa programu ya kutuma hadi dedilaini ikapita. Shida? Kompyuta ilikuwa na antivairasi mbili, kila moja inataka kukagua imeili kabla itoke. Ni kama mawochi wawili wasiojuana kwa geti moja: wanazozana, mgeni anabaki nje.

Windows 10 na 11 ziko na Defender tayari. Ukiongeza nyingine, iwe moja tu. Imeili ikikwama, zima ukaguzi wa imeili pekee ujaribu tena. Usizime ulinzi wote!

Wenye saiba, kagueni mashine zenu. Hiyo imeili ni maisha ya mtu.