Tungsteni: usiuze kabaidi kwa bei ya mabati

Kijana, kama unafanya kazi ya mkono pale Migosi au kwingineko Kisumu, huenda umeshika tungsteni mara nyingi bila kuitambua. Ile ncha ngumu ya keekee ya kutobolea zege, meno ya msumeno wa kukatia mvule, kijiti cha mashine ya TIG kinachochomelea stenlesi, hata uzi mwembamba ndani ya balbu za zamani, zote hizo ni kazi ya metali hii.

Kwa nini ithaminiwe hivyo? Huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za selsiasi, juu kuliko metali nyingine yoyote. Chuma cha kawaida huyeyuka mapema zaidi, karibu nyuzi 1,538. Ikiunganishwa na kaboni hupatikana kabaidi, ngumu kiasi cha kukata chuma chenyewe. Uzito wake nao unakaribia sana ule wa dhahabu, ndiyo maana matapeli huificha ndani ya vipande vilivyopakwa dhahabu. Ukiuziwa dhahabu ya bei ya chee, mizani pekee haitakuokoa.

Sasa tuje kwenye siasa. China huzalisha takriban asilimia 80 ya tungsteni ya dunia. Februari 2025 ilitangaza kwamba anayeitoa nchini humo lazima awe na kibali cha serikali. Bei zikapanda, na mataifa yanayotengeneza silaha na mashine yakaanza kutafuta kwingine. Macho yakageukia huku kwetu. Rwanda ina mgodi wa Nyakabingo, na mwaka huo huo madini yake yalianza kusafirishwa hadi Marekani. Mashariki mwa Kongo nako kuna tungsteni, lakini kuna vita pia. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010, na kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika 2021, zinazitaka kampuni zichunguze iwapo madini hayo yanafadhili watu wenye bunduki.

Haya yanakuhusu vipi wewe? Sehemu ya tungsteni inayotumika duniani hutokana na vifaa vilivyochakaa. Ncha ya kabaidi iliyovunjika bado ina thamani kubwa kwa kilo kuliko chuma cha kawaida. Lakini katika karakana nyingi hutupwa ndani ya gunia moja na mabati na misumari, kisha kila kitu kinapimwa kwa bei moja. Anayejua tofauti ndiye anayekula faida.

Kwa hivyo, anza na mkebe mmoja pembeni. Kipande kidogo kikiwa kizito ajabu, na kikiguswa na grainda kitoe cheche chache fupi zenye rangi ya chungwa, kiweke humo. Usikisage bila barakoa, kwani vumbi lake huharibu mapafu. Ukiuza, muuzie mwenye leseni na udai risiti. Serikali iliwahi kufunga biashara ya vyuma kuukuu Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa vyuma vya nguzo za umeme, na waliokuwa wasafi waliumia pamoja na wezi.

Majirani zetu wanachimba, wageni wanasafisha, nasi tunanunua ncha mpya dukani kwa bei yao. Hilo halitabadilika kesho. Lakini mkebe wako unaweza kuanza leo.