Wanatafuta Vitu vya Mbinguni Chini ya Mgodi

Vijana wapendwa, na ninyi wazazi wenye kusoma pamoja nao, mwezi huu tuongee juu ya nyota. Musiogope, tutashuka upesi mgodini, pahali ninyi munapajua kuliko mimi.

Katika mwaka 1933 Fritz Zwicky, mwenye elimu wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani, alipima mwendo wa makundi ya nyota yenye kukaa pamoja mbali sana. Akaona yanakimbia kupita kiasi. Kwa mbio ile yangekuwa yametawanyika zamani. Basi, kitu gani kinayashika? Wengi hawakumsikiliza. Mwaka 1970 mama mmoja, Vera Rubin, pamoja na Kent Ford, wakapima kundi la Andromeda: nyota za kandokando zinazunguka mbio karibu sawa na zile za ndani. Ni ajabu! Dunia yetu inazunguka jua kilometa 30 kila sekunde, lakini Neptune, yenye kuwa mbali, kama 5 tu.

Wakasema: kuna vitu vyenye uzito ambavyo hatuvioni. Kwa hesabu ya leo vinapita mara tano hivi vitu vyote tunavyojua, jua, mawe, shaba, hata mwili wako. Ni vitu gani? Hakuna anayejua.

Sasa mgodi unaingia namna gani? Huku juu, chembe ndogo zenye kutoka angani zinatunyeshea usiku na mchana. Karibu moja inapita kiganja chako kila sekunde. Katika kelele ile huwezi kusikia mtu anayenong'ona. Mwamba unazizuia. Ndiyo sababu huko Lead, Marekani, katika mgodi wa zahabu wa Homestake uliofungwa mwaka 2002, wameweka, karibu kilometa 1 na nusu chini, tanki yenye tani 10 za ksenoni, gazi iliyopozwa mpaka imekuwa kama maji. Chembe ikigonga, inatoa mwangaza kidogo sana.

Huko Sudbury, Kanada, mgodi wa nikeli ungali unafanya kazi. Wenye elimu wanashuka kilometa 2 pamoja na wachimbaji, wanatembea kwa mguu, halafu wanaoga mbele ya kuingia kazini. Ndiyo, mbele! Ninyi munaoga mukitoka. Lakini vumbi la mwamba lina urani kidogo, na hiyo kidogo inaharibu kipimo.

Mpaka leo hawajaona kitu. Mordehai Milgrom wa Israeli alisema mwaka 1983: labda hakuna vitu vya kufichwa, ni sheria ya kuvutana inayobadilika kule mbali. Mimi naona neno lake halitoshi kueleza makundi ya Zwicky. Lakini wale wa mgodini nao mikono yao ni mitupu. Vera Rubin alikufa mwaka 2016 bila kupata jibu.

Na kazi inazidi kuwa ngumu. Mwaka 2024 tanki za namna hii huko Italia na China zilianza kuhisi neutrino, chembe zenye kutoka katika jua, ambazo hakuna mwamba unaozizuia. Kelele mpya, hata kule chini kabisa.