Shahidi Ndani ya Eksozi

Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa akichomoa plagi, anaigeuzageuza mwangani, kisha anatoa hukumu. Rangi ya kahawa ya maziwa: injini iko sawa. Masizi meusi: mafuta yamezidi. Nyeupe kama chaki: hewa imezidi, kaa chonjo. Elimu hiyo siidharau, na mpaka leo naitumia. Ila plagi husimulia safari nzima kwa mkupuo. Haikwambii kilichotokea katika sekunde zile chache ambapo pikapu imebeba mzigo, iko mlimani, na mguu umekanyaga mafuta mpaka mwisho. Na pistoni huungua katika sekunde kama hizo.

Ndiyo maana toleo hili tumeliachia kifaa kimoja: sensa ya oksijeni ya waidibendi. Hoja yangu ni kwamba anayeanza kutyuni pikapu ya petroli akinunue kipimo hiki kabla ya programu, kabla ya nozeli kubwa, kabla ya eksozi ya kelele. Na akishakinunua, asikiamini mpaka akihoji.

Utaniambia gari lako tayari lina sensa ya oksijeni. Ni kweli, lakini hiyo ya kawaida hujibu swali moja tu: kilichozidi ni mafuta au ni hewa? Volti zake hurukaruka juu na chini ya 0.45, wala hazisemi kimezidi kwa kiasi gani. Kwa mwendo wa taratibu zinatosha. Ukikanyaga sana, injini nyingi zisizo na turbo hutaka lamda ya kati ya 0.85 na 0.90, yaani mafuta yazidi kidogo kwa makusudi. Hapo sensa ya kawaida husema “mafuta yamezidi”, basi, imemaliza. Waidibendi hukutajia kiasi chenyewe.

Katika kuchagua, uzuri wa geji uje mwisho. Uliza kwanza inatumia sensa gani, maana sensa huchakaa na utaitafuta tena. Bosch LSU 4.9 hutumiwa na watengenezaji wengi. Uliza pia kama geji inasoma lamda, si uwiano wa hewa kwa mafuta peke yake. Petroli ya Marekani mara nyingi huchanganywa na ethanoli asilimia 10, na uwiano wake kamili ni kama 14.1 kwa 1, si 14.7. Anayenakili namba za huko na kuzitia kwenye petroli isiyo na ethanoli anajidanganya. Lamda 1 ni uwiano kamili kwa mafuta yoyote.

Kwenye kuunganisha ndipo wengi wanapoteleza. Iache sensa ya kiwandani mahali pake. Chomelea nati nyingine, kabla ya katalitiki, mbali kiasi na injini ili moto usiiunguze. Sensa ikae imeinama, ncha ikitazama chini, walau nyuzi 10 juu ya mstari wa usawa, maji ya mvuke yasituame ndani yake. Isibaki kwenye eksozi bila umeme injini ikiwaka, kwa kuwa masizi huiziba.

Kisha kuna waya unaopeleka volti za geji kwenye kompyuta ya injini. Geji moja ya AEM ikitoa volti 2.5 inamaanisha 13.25 kwa 1. Kwenye kifaa cha Innovate, kwa mpangilio wake wa kiwandani, volti hizo hizo zinamaanisha karibu 14.9. Ukikosea fomula, mafuta ya kutosha yataonekana pungufu. Athi nayo ifungwe pamoja na ile ya kompyuta: tofauti ya volti 0.1 tu huisogeza AEM hiyo kwa karibu robo ya namba moja ya uwiano. Geji na kompyuta zikisema tofauti, usiguse jedwali lolote la mafuta.

Hata zikikubaliana, kumbuka shahidi huyu ameona nini. Hakuona mafuta; ameona oksijeni iliyobaki. Eksozi ikiwa na ufa kabla ya sensa, hewa ya nje huingia. Silinda moja ikikosa moto, oksijeni yake hutoka bila kutumika. Mara zote mbili geji itasema hewa imezidi, na kijana mwenye haraka ataongeza mafuta kwenye injini isiyoyahitaji. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hapa sensa haikusema uongo. Sisi ndio tulioisikia vibaya.

Kurasa zinazofuata zinaonyesha kazi hii hatua kwa hatua, kuanzia kuchomelea nati mpaka kurekodi safari ya kwanza. Ukirudi kutoka safari hiyo, zima injini, iache ipoe, chomoa plagi uigeuze mwangani kama alivyofanya mwalimu wangu. Plagi na sensa zikishuhudia jambo lile lile, fungua kompyuta uanze kazi.